Mwaka wa Ukuta wa Maji

Nilikwenda Ushirombo kumzika Sospeter nikiwa na nia njema kabisa. Nasema hivyo mapema, kwa sababu watu wa umri wangu tukianza kusema neno juu ya marehemu tunaambiwa tumezeeka vibaya. Nilijifunga khanga, nikakaa na akina mama nyuma ya nyumba tukichambua mchele, na muda wa wasifu wa marehemu ulipofika, sauti ya binti yake ikatufikia kupitia spika iliyofungwa kwenye nguzo. Alisoma vizuri, bila haraka. Akasema baba yake, alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, alipelekwa mafunzoni katika hospitali moja ya upande wa machimbo ya Geita. Kwamba mwanafunzi mwenzake, msichana, aliiba zebaki ya mashine za presha akawauzia wachimba dhahabu, akafukuzwa. Na kwamba hospitali ilipobaki haina kipimo, baba yake ndipo akabuni kipimo cha maji cha ukutani, kikaokoa akina mama wengi. Mama aliyekaa karibu nami alisonya, akatupa chuya pembeni, akasema, "Wezi hawakuanza leo." Mimi nikaendelea kuchambua mchele wangu. Msichana huyo ni mimi, na zebaki ile sikuiiba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa anasa na sukari ilikuwa tetesi. Mtu akipita na kikapu kilichofunikwa kitenge, macho yote yanahamia kwenye kikapu. Jirani akikaanga kitu, unajiuliza mafuta kayatoa wapi. Siku hizi vijana wakinisikia nikisema nilikuwa na shaka na kila mtu wanacheka, wanadhani ni tabia yangu. Ni kweli ni tabia yangu, lakini mwaka ule ilikuwa tabia ya nchi nzima, nami sikuona sababu ya kubaki nyuma. Chuo kilikuwa kimetugawa wawili wawili, kila jozi ikapelekwa kwenye hospitali isiyo na kitu, ikae mwaka mzima ikitengeneza vilivyoharibika na kubuni vile ambavyo hospitali isingeweza kununua. Vifaa vya bei nafuu, ndivyo walivyoita wakubwa. Sisi tuliviita vifaa vya takataka, kwa sababu ndiko tulikovitoa. Pampu ya baiskeli tuliigeuza ikawa ya kuvuta makamasi ya vichanga, na mabomba mabovu ya maji yakawa nguzo za kutundikia dripu. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Bado ipo, na waliopo leo hawana kosa.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha zamani cha kufulia, chenye masinki ya saruji na dirisha lililotazama wodi ya wajawazito. Kupitia dirisha hilo nilisikia kila kitu: nani kaolewa mke wa pili, mume wa nani kapata dhahabu Nyarugusu na haonekani tena nyumbani, muuguzi gani ana mkono mzito wa sindano. Walizungumza Kisukuma, wakidhani fundi wa mjini hajui, nami sikuwasahihisha. Mchana tulikula hapohapo karakanani, michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga, na chai kavu tuliyoinywa tukiwa tumekunja nyuso. Sospeter alikuwa mtu wa kupendwa. Alijua kuinama akimwamkia mzee, alijua kucheka mzaha wa mtu hata kama hauchekeshi, na wapishi walimwekea ukoko wa ugali bila kuombwa. Mimi nilikuwa na mdomo. "Milembe," aliniambia siku moja akitafuna, "wewe ukikaribishwa chakula unauliza kwanza kimepikwa na nani." Nikamjibu ndiyo, na nikimjua mpishi nauliza maji kayateka wapi. Alicheka mpaka akapaliwa. Tulielewana sana, hilo lazima niliseme.

Kazi kubwa ilikuwa mashine za presha. Mjamzito akipandwa na presha bila mtu kujua, hupata kifafa cha mimba, na pale walikuwa wakifa nacho wanawake wenye nguvu zao, waliofika kwa miguu. Mashine za siku zile zilikuwa na zebaki ndani ya mrija wa kioo. Ukipampu kitambaa kilichofungwa mkononi mwa mgonjwa, zebaki inapanda, unasoma. Nyingi zilikuwa zimepungukiwa. Niliikusanya zebaki yote, nikaichuja kwa kitambaa safi, nikaigawa upya ili walau mashine chache ziwe kamili. Metroni, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo ambayo wodi nzima iliisikia, alinikabidhi ufunguo wa kabati, nami nikaufunga kwa ukanda wa bandeji nikauvaa shingoni. Haikupita muda zebaki ikaanza kupungua tena. Unaitoa mashine kabatini, unaiweka mezani, na zebaki haigusi hata alama ya sifuri. Hakuna mtu pale ambaye hakujua inakokwenda. Nyarugusu, mchimbaji huisugua zebaki kwenye mchanga aliousaga, ikanasa dhahabu, kisha akaichoma, ikabaki dhahabu peke yake. Dukani haikuwepo. Chupa ndogo ya zebaki ilimfanya mtu aheshimiwe kuliko diwani.

"Ufunguo uko wapi?" Metroni aliniuliza.

"Shingoni, Metroni."

"Umewahi kumpa mtu?"

"Hapana."

"Basi umeshajijibu mwenyewe, binti."

Nilimwonyesha nilichokiona mimi: skrubu za bawaba, nyuma ya mlango wa kabati, zilikuwa na mikwaruzo mipya. Mwizi hakuhitaji ufunguo, alifungua mlango kwa upande wa pili. Metroni aliinama akazitazama. Kisha akasema, "Na bisibisi mnazo nyie." Akaniambia bila kupandisha sauti kwamba wakubwa wa mkoa watakuja kukagua, na kama zebaki itakuwa haijaonekana, mwenye ufunguo atarudi kwao na chuo hakitampokea tena. Darasani kwetu tulikuwa wasichana wawili tu, na mmoja alikuwa ameshaacha. Nililia nikiwa nimesimama nyuma ya tangi la maji, halafu nikafuta uso na kuanza kumshuku kila anayepumua. Nilimshuku mtunza stoo kwa sababu alinunua viatu. Nilimshuku dereva kwa sababu alikuwa akienda Buseresere mara kwa mara na kurudi akiimba. Sospeter sikumshuku, kwa sababu tulikuwa tunakula sahani moja, na sisi tuliolelewa hivi tunadhani mtu hawezi kukuibia huku vidole vyenu vinagongana kwenye ugali.

Wazo la maji lilikuwa lake. Sitamnyang'anya marehemu haki yake. Alilichora sakafuni kwa chaki. Kama zebaki inaibwa, tutumie kitu kisichoibika. Maji ni mepesi kuliko zebaki zaidi ya mara kumi na tatu, kwa hiyo presha inayopandisha zebaki kiganja kimoja itapandisha maji juu kuliko kimo cha mtu. Mashine ya namna hiyo haiwezi kukaa mezani, lakini inaweza kukaa ukutani. Mahesabu niliyafanya mimi, na mimi ndiye niliyepiga alama moja baada ya nyingine kwenye ubao mrefu, nikizilinganisha na mashine pekee iliyobaki nzima, ambayo Mganga Mkuu aliifungia chumba cha upasuaji kama mahari, isitoke humo kwa ajili ya mtu yeyote. Chini tuliweka chupa ya dripu yenye maji na kizibo cha mpira, na hewa ya kitambaa cha mkononi ikayasukuma maji yapande. Kilichokosekana kilikuwa mpira mwembamba, mweupe, unaoonyesha ndani, mrefu kufika karibu na dari. Kitu hicho hakikuwepo Geita wala Shinyanga nzima. Halafu asubuhi moja Sospeter akaingia na roli zima begani.

"Umeutoa wapi?"

"Mjomba kanipatia. Mwanza."

"Mjomba gani?"

"Mjomba, Milembe. Huna wajomba wewe?"

Niliutazama ule mpira. Ulikuwa na matope makavu mekundu kwenye mikunjo yake, na Mwanza ninayoijua mimi ni mji wa mawe. Lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka ukuta wangu usimame, nikaanza kuukunjua.

Tulipoujaza tukagundua maji hayaonekani vizuri mbele ya ubao, tukaamua kuyatia rangi. Sospeter akachukua kilichokuwa karibu, dawa nyekundu ya vidonda. Namna gani watu wawili waliosoma, mmoja wao akisikiliza maneno ya wanawake wale dirishani kila siku, hawakuona hatari iliyokuwa mbele yao, mpaka leo sielewi. Mama wa kwanza akakaa kwenye kigoda, nikamfunga kitambaa mkononi, nikapampu. Akaona kitu chekundu kikitoka upande wa mkono wake na kupanda ukutani, juu, juu, juu. Alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni. "Mumiani! Damu yangu hiyo!" Akang'oa kitambaa, akatoka, na waliokuwa foleni wakatoka pamoja naye, wengine kwa mlango na mmoja, mwenye mimba ya miezi minane, kwa dirisha. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Buseresere kwamba hospitali imeletewa msichana mwenye bomba la kunyonya damu za wajawazito. Kwa hiyo sasa nilikuwa mwizi wa zebaki na mumiani kwa pamoja. Sospeter, aliyechagua rangi, wapishi waliendelea kumwekea ukoko.

Nilimwaga yote. Nikaenda kwa Metroni kumwomba bluu ya kufulia nguo nyeupe, kile kipande alichokuwa akikibania kwenye droo yake kwa ajili ya sare. Alinipa akinitazama kana kwamba namwomba figo. Nikaketi uani mbele ya wanawake wenyewe, nikaomba mmoja wao ateke maji kisimani kwa ndoo yake, nikaipekecha bluu ndani, nikawaambia wajaze chupa kwa mikono yao. Wakajaza. Wakayaangalia maji ya bluu yakipanda na kushuka kwenye mkono wa bibi mmoja aliyesema yeye ameshazeeka, mumiani hatapata kitu kwake. Wakacheka. Foleni ikarudi, na ukuta ukaanza kufanya kazi. Lakini wapo ambao hawakurudi, mmojawao mke wa mchimbaji aliyeitwa Masanja. Mimba ilikuwa kubwa, miguu imevimba, na waliokuja kliniki walisema mume kamkataza kabisa kuingia chumba kile. Nilimwona Masanja mara moja langoni. Aliponiona, aligeuza uso haraka mno, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa mwaka ule, nikaweka moyoni.

Alimleta mwenyewe hatimaye, mchana wa jua kali, mkewe akilalamika kichwa na kuona vimulimuli. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. "Shikamoo, sista," aliniambia, na sikuwa na umri wa kuamkiwa hivyo wala sikuwa muuguzi. Nikafunga kitambaa, nikaweka vipokeo vya kusikilizia masikioni, nikapampu. Maji yakapanda, yakazipita alama za kawaida, yakazipita alama za hatari nilizozichora kwa makaa, yakafika mwisho wa ubao, na bado nilisikia mapigo yakigonga. Nikapampu tena. Maji yakatoka juu ya mpira, yakatiririka ukutani na kutuangukia sote, yeye, mimi na mumewe. Hatukuwa tumefikiria kwamba mtu anaweza kuwa na presha ndefu kuliko ukuta. Mganga Mkuu aliitwa, wakamlaza chumba chenye giza, wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu, na amri ikatolewa kwamba apimwe kila mara mpaka ajifungue, maana dozi ilitegemea kipimo. Nilirefusha ubao hadi kwenye dari, nikavuta waya wa kushikilia mpira, na tukawa tunamsogeza na kitanda chake mpaka ukutani.

Masanja alikaa barazani, shati lake likiwa na madoa ya bluu. Nilipotoka alisimama.

"Sista, ile mashine ndogo ya mezani, ya zebaki, kwa nini hamumpimi nayo?"

"Haina zebaki. Imeibwa."

Alikuwa mtu mkubwa, lakini alianza kuyasugua madoa ya shati lake kama mtoto aliyekamatwa. "Niliichukua mimi," akasema. "Sikuiba, sista. Niliuziwa. Sikujua ni ya kupimia wajawazito. Nilijua ya hospitali tu."

"Nani alikuuzia?"

Hakusema jina. Akaelekeza kwa kidevu upande wa karakana, ambako Sospeter alionekana dirishani akinoa kitu, akipiga mluzi. "Hakutaka hela. Alitaka mpira wangu, ule wa kutolea maji kwenye duara, shimo langu la dhahabu." Akaniangalia. "Nilipouona ukutani kwenu niliogopa. Nikajua nikiingia humo nitajulikana. Ndiyo maana nilimzuia."

Roho ilinichemka kiasi kwamba nilipofika karakanani sikuweza kuanza na salamu. Sospeter hakukana. Hilo nalo liliniudhi, kwamba hata kukana hakukana. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema zebaki ile ingekwisha tu, ingeibwa tone kwa tone na watu wengine, na hospitali isingebaki na chochote. Yeye kaibadilisha mara moja kwa kitu ambacho hakuna atakayekiiba. "Na mimi?" nikamuuliza. "Jina langu umelibadilisha kwa nini?" Akainamisha kichwa. Akasema hakutegemea wangenishika mimi. Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli nilimchukia zaidi: tukisema leo, polisi watauchukua mpira kama ushahidi, maana ni mali ya magendo iliyonunuliwa kwa mali ya wizi, na yule msichana yuko kitandani anasubiri kupimwa. "Ajifungue kwanza. Akijifungua nitakwenda mwenyewe kwa Metroni. Naapa kwa Bikira Maria." Nilimtazama usoni kutafuta uongo, sikuupata. Nilikuwa mtaalamu wa kushuku mwaka mzima, na siku iliyohitajika utaalamu wangu ukanitupa.

Wakaguzi wa mkoa walikuja mke wa Masanja akiwa bado kitandani pale ukutani, wakaniuliza mbele ya watu zebaki iko wapi, nami nikasema sijui. Nilisema hivyo huku nikiyaona maji ya bluu kupitia mlango uliokuwa wazi, yakipanda na kushuka, muuguzi mmoja akipampu. Sospeter alisimama kando yangu, mikono nyuma, kimya. Wakaandika walichoandika. Mke wa Masanja akajifungua mtoto wa kike, mdogo lakini mzima, na yeye mwenyewe akapona. Nilingoja Sospeter aende kwa Metroni. Alikuwa na kazi. Alikuwa na homa. Alikuwa anatafuta maneno. Lori la kunirudisha kwetu lilipowasili nikaenda mwenyewe.

Metroni alikuwa ofisini akikunja mashuka. Nilimweleza yote, tangu mikwaruzo ya skrubu mpaka mpira wa Masanja, na hakunikatisha. Nilipomaliza alilaza shuka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Nilijua, ng'wanone, mwanangu."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nilijua tangu ulipoingia mpira. Mimi si mtoto. Lakini wakubwa walitaka mtu, na mmoja wenu lazima abaki. Ukuta ule ukiharibika nani atautengeneza?"

"Mimi ningeutengeneza. Alama zote ni zangu. Hata kuzisoma yeye hukosea."

"Wewe ni msichana," akasema, kwa ile sauti yake ndogo, na naapa alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. "Kesho utaolewa, utaondoka na mumeo. Yeye atakaa. Nina wajawazito wa kuwafikiria."

Majibu yake ninayo mengi leo. Mengine nimeyapata nikiwa na karakana yangu Kambarage, mjini Shinyanga, ambako kwa miaka mingi nimetengeneza kila kitu chenye waya au mpira, na ndoa niliyoolewa haikunizuia hata siku moja. Siku ile nilichukua begi langu nikapita kati ya wanawake wa foleni, nao wakaniaga kwa Kisukuma, kwa sababu walishagundua kitambo kwamba najua.

Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye tairi la lori kupanda nilipomsikia Metroni akiita kutoka mlango wa wodi. Maji yalikuwa yanavuja kwenye kiungo cha chupa, yamelowanisha sakafu, na kina mama wamekaa wakingoja. Nilikijua kiungo kile. Kilitaka kukazwa waya mzunguko mmoja tu, kazi ya kufumba na kufumbua.

"Milembe! Hebu njoo mara moja uone hapa."

Nilipanda, nikaketi juu ya magunia ya pamba.

"Mwite fundi wako, Metroni," nikamwambia, na dereva akawasha gari.